Mgeni Kwenye Kiti cha Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi. Kwa miaka ishirini na sita mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi: mtu alikuja kupunguza nywele, akaondoka na habari za mtaa mzima. Mwaka jana akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakawa yanatoka mazito, yamepinda. Akanikataza kufungulia watu. Miezi saba rafiki yake, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, alibisha hodi, nami nikamjibu, "Amelala." Kudanganya kulinichosha, lakini hofu yangu ilikuwa nyingine: hata mimi alikuwa ameanza kunijibu kwa kichwa tu.

Binti yetu anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Siku moja mchana akapiga simu.

"Mama, huku kumejaa. Kuna mgeni anazunguka dunia, huu mwaka wake wa tatu. Namleta alale sebuleni."

"Unamleta mtu usiyemjua kwa baba yako mgonjwa?"

"Mama, ni mtu mzima na miguu imemvimba. Siku mbili tu."

Nikafagia mara mbili, kisha nikaficha mkufu wangu kwenye kopo la chumvi.

Akaja bwana mrefu, nywele zimemwangukia usoni kama nyuzi za dekio la sakafu. Nikampa jina kimoyomoyo: Kiguu na Njia. Kiswahili alikuwa amekiokota njiani, akitafuta kila neno kama mtu anayepapasa sindano sakafuni.

"Mimi... ninashukuru... nyumba," alisema.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, anasikiliza.

"Kaa... hapa," akamwambia.

Mgeni hakushtuka wala hakumhurumia. Alingoja neno lifike, kama wengi walivyomngoja yeye. Wakakaa wawili hao, sentensi moja ikichukua muda wa kumenya kitunguu kizima. Nafikiri mgeni alidhani mwenyeji wake anapunguza mwendo kwa heshima. Nilisimama jikoni, sufuria mkononi, nikisikia sauti niliyoikosa tangu mwaka jana.

Asubuhi mgeni akaona kile kiti cha kinyozi pembeni, kimerundikiwa nguo. Akashika nywele zake, akaomba kunyolewa. Mume wangu akautazama mkono wake wa kulia. Uso ukajifunga. Niliujua uso ule. Ukishajifunga, haufunguki wiki nzima.

"Nitanyoa mimi," nikasema, bila kujua nimelitoa wapi neno hilo. Sijawahi kunyoa hata mtoto.

Tukatoa kiti mbele ya mlango, penye mwanga. Mashine ikanguruma, nikaanzia juu ya sikio. Mume wangu alivumilia kidogo tu.

"Taratibu. Unanyoa mtu... husugui sufuria. Anzia kisogoni. Mama Watoto, hilo sikio... ni lake, mwachie."

Mgeni akacheka mpaka kiti kikatikisika. Mimi nikajifanya nywele zimeniingia machoni.

Sauti ilivuka barabara. Fundi viatu akaja na kiatu kimoja mkononi, akasimama mbele yetu.

"Kumbe leo hukulala," akasema.

Nikazima mashine. Mume wangu akafuta pembe ya mdomo kwa mkono wa kushoto. Nikatamani kumjibia, nikajizuia. Tukangoja, mgeni naye akangoja.

"Nimeamka," mume wangu akasema. "Na hizo nywele zako... ni aibu. Panga foleni."

Fundi viatu akakaa kizingitini, akainamia kiatu chake muda mrefu.

"Kwa hiyo na huyu nimnyoe mimi?" nikauliza.

"Wewe nyoa. Kusema... niachie mimi."

Kesho yake mgeni aliendelea na safari yake, kichwa kina ngazi upande mmoja. Mkufu niliukumbuka baada ya siku nne, nilipofika chini ya kopo nikitia chumvi kwenye chakula cha wateja wawili waliokataa kuondoka.