Alama Sita Kwenye Mpini

Kisu nilikinunua Rubona, karibu na bandari, kwa mama mmoja aliyekuwa ametandaza vitu vya nyumbani kwenye turubai: vijiko, kufuli, redio isiyo na mgongo. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mti, bapa limeliwa na kutu, bei ya kutupa. Nilikulia Karagwe, Tanzania, ambako baba alikuwa na kisu kama hicho mfukoni cha kumenyea miwa, nami nilikitamani tangu utotoni. Sikufikiri mara mbili. Ndivyo nilivyo: natenda kwanza, woga unanikuta nyumbani.

Safari hii woga uliletwa na mke wangu. Yeye ni mkimbizi aliyerudi kutoka Congo, na maneno yake hayazunguki. Alikitazama kisu pale mezani bila kukigusa.

"Hii kisu ilikuwa ya nani?"

"Sijui."

"Na ilikata nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaisogeza sahani yake. Katika nchi hii iliyopitia mauaji ya kimbari, mtu wa umri wangu hakiulizi kisu kikuukuu kimefanya nini, na mimi nilikuwa nimekileta mpaka kwenye meza ya chakula.

Jumamosi yeye akaenda kanisani, maana ni Msabato, nami wa Jumapili nikakaa uani na kazi yangu. Kutu niliisugua kwa majivu na limao. Nikanoa kwenye jiwe mpaka makali yakanyoa vinyweleo vya mkono, nikatia tone la mafuta ya cherehani pale kinapokunjikia. Mpaka hapo nilikuwa naimba. Kisha nikaufuta mpini kwa kitambaa chenye maji, na chini ya uchafu zikatokea alama. Mikato midogo, ya makusudi, imejipanga upande mmoja. Nilizihesabu mara moja. Sita. Sikurudia.

Mtu hakati alama kwenye kisu chake bure. Anahesabu kitu. Nilishukuru kwamba nilikuwa peke yangu, kwa sababu nilitaka kulia.

Nikachukua msasa mkali nikaukwangua mpini mpaka vidole vikauma. Nikafuatisha msasa laini, halafu nta ya nyuki niliyopewa na seremala jirani. Mpini ukang'aa, umelainika kote. Mke wangu aliporudi alisema kimependeza, akakitia kwenye droo ya jikoni.

Wiki nzima sikuifungua droo ile. Kila nikipita hapo nilihesabu mpaka sita bila kutaka. Nikaanza kumfikiria yule mama wa turubai, kwamba alijua alichokuwa ananiuzia, kwamba labda alilala nyumba moja na mtu wa zile alama. Nilimwogopa kuliko kisu chenyewe. Jumamosi iliyofuata nikaona bora nijue, hata kama ni baya, nikakitoa kisu kwenye droo, nikapanda pikipiki mpaka Rubona.

"Mama, kisu hiki kilikuwa cha nani?"

"Ya bwana yangu. Alikufa mwaka jana. Nilichoka kuiona mu nyumba, donc basi nikauzisha."

Akakipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya mpini, akaugeuza, akapitisha tena.

"Papa, na zile alama?"

Nikamuuliza, "Zilikuwa za nini?"

"Za batoto yetu. Kila mutoto akizaliwa, anakata moja."

Nikamwambia nilizifuta kwa msasa. Hakuniuliza kwa nini. Nilimwomba akichukue kisu, ni chake. Aliokota kisu cha jikoni kutoka kwenye turubai, akaubana mpini wa kile cha mumewe kati ya magoti na kuanza kukata, akitaja kila mtoto kwa sauti ya chini. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne akasimama.

"Huyu alikufa mudogo. Bwana yangu alimukatia yake tofauti, si kama za bengine." Akaniinulia macho, hana hasira hata kidogo. "We uliiona, papa. Ilikuwa namna gani? Ililala, ao ilikuwa fupi?"

Alingoja, kisu cha jikoni kikiwa juu ya mpini. Mimi nilikuwa nimezihesabu tu.