Mboga za mama mkwe, dawa ya damu na wiki moja ya mumi

Wakuu, salamu kutoka Mbita. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na mume wangu yuko hapa nyuma yangu anasoma, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Wiki mbili baada ya kujifungua, mguu wangu wa kushoto ulivimba ukakataa kiatu. Hospitali wakapima, wakasema damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likihama likaingia mapafuni, mtoto wangu atalelewa na watu wengine. Daktari hakusema hivyo, lakini ndivyo nilivyosikia.

Nikachomwa sindano, kisha nikapewa warfarin, vidonge vya kuzuia damu isigande. Kila wiki nirudi kliniki wapime kama damu imekuwa nyepesi ya kutosha.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia na sufuria.

Mama ni Msabato wa kweli kweli. Kwake samaki asiye na magamba ni najisi, na mzazi anaongezwa damu kwa mboga. Osuga, yaani mnavu, asubuhi, osuga mchana, osuga jioni, imechemshwa na maziwa mpaka imelainika. Sahani imejaa hadi inamwagika.

"Nyar Karungu, hii inaongeza damu. Maliza."

Nyar Karungu ndio mimi, binti wa Karungu, ndivyo wakwe wanavyoniita. Na huku kwetu ukishaolewa, chakula cha mama mkwe hukatai. Unameza na unasema asante.

Kliniki, kipimo kikagoma. Wiki ya kwanza damu nzito, ya pili nzito. Daktari akaniuliza kama kweli nameza dawa au nalisha kuku. Nikaapa. Akapandisha dozi, akapandisha tena, mpaka damu ikakaa sawa. Hakuna aliyeniuliza nakula nini, na mimi sikuona mboga zinahusiana vipi na mguu.

Kisha Mama akaenda kambi ya kanisa huko Rongo, siku nane.

Wakuu, tulisherehekea. Mimi nilizaliwa Mkatoliki kando ya ziwa, sijawahi kuona dhambi ya mumi, yule kambare asiye na magamba. Mume wangu akawa analeta wale wenye masharubu, wanono. Mchana ugali na mumi, jioni mumi na ugali. Mboga hatukununua hata jani.

Siku ya sita nikapiga mswaki, povu likatoka jekundu. Mapaja yana alama kama nimechapwa. Siku ya saba pua ikaanza kutoka damu na haikukoma, mtoto nimempakata, shuka lake lote limelowa.

Mnajua nilifikiria nini? Mumi. Nilijua kabisa ninaadhibiwa.

"Usiseme tulikula nini," nikamwambia mume wangu tukienda hospitali. "Mama akisikia tumeisha."

Muuguzi akauliza, "Ni nini mmebadilisha hii wiki?"

Mume wangu akainama kufunga kamba za kiatu, mimi nikajifanya napangusa shuka la mtoto. Akauliza tena. Nikamwangalia yule mtoto, nikaogopa kufa kuliko ninavyomwogopa mama mkwe. Nikasema yote.

Akacheka kwanza. "Mumi hana makosa. Shida ni hizo mboga mliacha."

Akatueleza kwamba mboga za kijani zina vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Dozi yangu ilikuwa imepandishwa ishindane na osuga ya Mama. Osuga ikaondoka ghafla, dozi ikabaki palepale, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Wakasimamisha vidonge, wakanipa hiyohiyo vitamini K, wakanilaza.

Mama alikuja wodini moja kwa moja kutoka kambini, na begi lake. Nikamweleza yote, hata mumi. Akalisukuma begi chini ya kitanda.

"Akinyi aliisha damu nikimwangalia tu," akasema. "Nikasema kwa hii boma, hiyo haitarudi."

Akinyi ni dada ya mume wangu. Alifariki akijifungua, kabla sijaolewa. Nililia, wakuu. Wiki zote hizo nilikuwa namsema yule mama kwa marafiki, kumbe alikuwa anapigania uhai wangu kwa mwiko.

Akamfuata muuguzi. "Sasa nimnyime mboga?"

"Hapana, mama. Mpatie, lakini kiasi kimoja kila siku."

Sasa ni miiko miwili, si zaidi. Juzi niliomba nyongeza, nikanyimwa. Kliniki anakuja na mimi, na majibu anayauliza yeye kabla sijafungua mdomo.

Nilichojifunza: mwambie daktari unachokula, hata kile unachoonea aibu. Usianze mboga kwa fujo, usiziache ghafla, na dozi usiiguse mwenyewe. Na anayekupikia aende nawe kliniki, maana nusu ya matibabu iko mikononi mwake.

Wiki iliyopita kipimo kilitoka sawa mara ya nne mfululizo. Daktari alimpa mkono Mama, mimi akanipita.

Haya, nanyi semeni. Mnameza nini, na nani anawapikia?