Nguo Zilizonikaa Kupita Kiasi

Kabati la mjukuu wangu halifungi. Nilipofika hapa Doha kumtembelea nilikuta mlango wake umeegemezwa kiti, na mikono ya nguo imechomoza kwenye ufa kama ya watu wanaongoja kufunguliwa. Yeye ni muuguzi. Sehemu kubwa ya maisha yake imo ndani ya sare. Nilimuuliza nguo zote hizo huzivaa lini. Akasema, "Ndiyo nataka unisaidie kuzipunguza, Bibi."

Nilimwagiza avae kila nguo, aketi, ainame, anyanyue mikono juu, kisha aniambie ni ya nani.

"Zote zangu, Bibi."

"Uliyonunua ni yako. Uliyopewa bado hatujui."

Tuliendelea hivyo tangu asubuhi, naye akawa mtiifu, mpaka alipoitoa jalabia moja ya kijani. Alipewa na watoto wa mgonjwa wake mmoja, baada ya mgonjwa kufariki. Akaivaa, akajizungusha mbele ya kioo.

"Hii siitoi. Tazama inavyonikaa. Kama nilipimiwa mimi."

Nikamwambia aivue, aitandaze juu ya kiti kile kilicho karibu na dirisha, kisha alete karatasi na kalamu, kwa kuwa mimi sikupata kuingia darasani na mkono wangu hauandiki. Nikamwonya asipambe. Aandike nitakavyosema.

Nilikuja mji huu mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa mjane kutoka Mombasa, kupika katika nyumba ya wazee wawili upande wa Umm Salal. Mzee alikuwa amekwisha kupoteza macho. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye chumba kizima cha nguo. Nguo zake hakumwachia mtu. Udi alipika mwenyewe, kwa sukari, miski, ambari na mafuta ya mawaridi, naye akanifundisha, kwa kuwa aliona ninatoka pwani na moto wa udi ninaujua. Kila Alhamisi tulitandaza nguo juu ya tenga, chetezo chini yake, tukangoja moshi uzipandie nguo. Baada ya miaka niliweza kuijua nguo yake gizani kwa kuinusa.

Alifariki wakati mji mpya wa Lusail bado ulikuwa mchanga na winchi tu. Baada ya matanga binti yake, aliyekuwa akikaa na mumewe kwenye ghorofa mpya za Pearl, alitufungulia kile chumba, akatuambia tukitoe chote. "Chukueni mnazozitaka," alisema. "Zitakazobaki ni sadaka." Hakuweza kuingia. Alisimama nje ya mlango akiwa amejifunika pua kwa shela.

Tulikuwa wawili, mimi na msichana wa bara aliyekuwa akisafisha nyumba, mtu wa kanisa na wa maneno mengi.

"Mathe, mimi sishiki," alisema. "Mtu amekufa nazo."

"Hakufa nazo. Alikufa na vazi la hospitali."

"Basi mimi niwekee hilo la hospitali. Hizi zote ni zako."

"Shika ncha hiyo tukunje."

"Ukizivaa nitakuita madam, na likizo nitaomba kwako."

"Likizo nimekunyima. Kunja."

Nilichukua nyingi. Jiko la joto hula nguo, nami nilikuwa nimebakiwa na madera mawili yaliyochujuka na jozi ya leso. Hizo zangu nilizisukuma chini kabisa sandukuni, nikajaza kabati langu jalabia za marehemu, za kijivu, za urujuani, za rangi ya maji ya bahari, nyingine zikiwa na tarizi shingoni. Sikuwahi kuwa na kabati lililojaa. Nilikuwa nikilifungua bila haja yoyote.

Marehemu alinipita kwa kichwa kizima. Kwa hiyo siku ya kwanza niliketi kitandani na sindano yenye uzi tayari, ili nipandishe upindo. Nikavaa ile ya kijivu nipate kipimo, nikatazama chini. Upindo uligusa kisigino. Haukuburura. Mabega yalikaa mahali pa mabega, na mikono ilikoma kwenye vifundo. Nikavaa nyingine, ikawa vivyo hivyo. Nikarudisha sindano kwenye kikopo chake. Sitasema niliogopa. Mtu aliyezoea nguo za kubana makwapa, akipata isiyombana, hushukuru kwanza.

Siku chache baadaye msichana alinisimamisha chini ya ngazi.

"Mathe, mbona unachechemea?"

"Sichechemei."

"Sawa. Basi ni goti limeamua lenyewe."

Nilijitazama. Nilikuwa nimeshuka kwa mguu mmoja mmoja, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta. Ndivyo alivyokuwa akishuka marehemu kwa ajili ya maradhi ya goti. Goti langu lilikuwa zima, nalo ni zima mpaka leo.

Wakati huo wote mzee alikuwa hali chakula. Tangu kuzikwa kwa mkewe alikunywa maji na kahawa tu, akageuza uso kila alipoletewa kijiko. Binti yake alikuja kila siku na mchuzi, akarudi nao Pearl umepoa. Daktari alikwisha kumwambia wazi kwamba baba yake hana ugonjwa mwingine, na kwamba hilo peke yake latosha kumuua. Binti akaniambia nijaribu mimi.

Nilipika harisi, ambayo sisi kwetu ni bokoboko, nikampelekea baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimevaa ile jalabia ya kijivu. Chumba chake kilikuwa na mapazia mazito, na kiyoyozi kilichotiwa baridi ya ghala la samaki, kwa kuwa alipenda hivyo. Sijasema neno, sijaweka bakuli, mzee akainua kichwa.

"Umechelewa, binti ami," alisema kwa Kiarabu.

Nilikuwa nimekaa nao muda wa kutosha kujua kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyeitwa hivyo nyumbani humo, kwa kuwa walikuwa watoto wa ndugu kabla ya kuwa mume na mke. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa pembeni ya kitanda. Nikainua kijiko. Akafungua kinywa. Alikula bakuli lote.

Binti yake alikuwa mlangoni. Alinifuata jikoni, akanishika mikono yote miwili, huku akiniita khala, yaani mama mdogo, kama alivyoniita tangu alipokuwa msichana.

"Khala, usizivue. Usimwambie neno. Muache ale."

"Yeye anadhani mimi ni mama yako."

"Na adhani."

Tangu siku ile uhai wa mzee ulikuwa juu ya mabega yangu, na mabega yenyewe yalikuwa yamevaa nguo ya mtu mwingine. Kila alasiri niliingia, nikaketi, nikalisha, nikanyamaza. Yeye alizungumza. Alisema habari za kisima cha babu yao, za mbuzi mmoja mkaidi, za mtoto wao aliyekufa mchanga. Hakunitaka nijibu, na hilo lilipasa kunishangaza mapema zaidi. Aliposema, uso wake haukunielekea sawasawa. Ulipita juu ya bega langu kidogo. Nilidhani ni upofu.

Alianza kunenepa mashavu. Binti akaja na zawadi. Msichana wa bara peke yake ndiye aliyekataa kufurahi.

"Unamdanganya mzee, Mathe."

"Anakula."

"Anakula, sawa. Lakini anakula akingoja nini?"

Nilimwambia arudi kwenye ufagio wake. Alasiri hiyohiyo mzee alimeza kijiko cha tatu au cha nne, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia gari, "Lini tunaondoka?"

Nilishusha kijiko.

"Kila siku unakuja," alisema, "nami niko tayari, na wewe huniambii siku."

Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Nilihisi upindo umeufunga mguu wangu, nikajua hakuna aliyeushika, ni mimi niliyeukalia. Nilimaliza kumlisha kwa sababu chakula hakitupwi. Kisha nilikwenda chumbani kwangu nikafungua kabati.

Nilitoa zote. Niliondoa moja moja kwenye vitundikio, nikazikunja juu ya kitanda, na kabati likabaki mbao tupu. Binti aliponikuta alielewa mara moja.

"Asipokula?"

"Nitamlisha nikiwa mimi."

"Hatakula kwako, khala. Unajua hatakula."

"Basi akatae akijua anayemkataa ni nani. Siwezi kumpeleka mahali nisikokujua, tena kwa ahadi ambayo sikuitoa."

Hakunigombeza. Alikaa juu ya ukingo wa kitanda kando ya nguo za mama yake, akaweka kiganja juu yake, kisha akakiondoa haraka. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuja kujua mwenyewe.

Siku iliyofuata nilivaa dera langu la zamani. Lilinibana kwapa la kulia na lilikuwa fupi mbele, kwa sababu fundi aliyelishona alikuwa na haraka. Nilijitazama kwenye kioo, nikajijua. Nikajitanda leso, nikabeba harisi, nikaingia.

Mzee hakuinua kichwa.

"Baba," nilisema, "mimi ni mpishi."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikikulisha siku zote hizi."

"Najua. Nilikujua tangu siku ya kwanza. Unanuka vitunguu, na kijiko unakigonga kwenye bakuli."

Niliweka bakuli kando ya kitanda. "Basi ulikuwa ukizungumza na nani?"

"Na mke wangu. Alikuwa akisimama nyuma yako. Huingia akizifuata nguo zake. Wewe wamjua, hakuwa mtu wa kuziacha nguo zake ziende ovyo." Akawa kama anayesikiliza ukumbi. "Leo umekuja peke yako."

Nilimwinulia kijiko. Akageuza uso.

"Si kwamba nakataa chakula chako," alisema. "Namngoja."

Niliketi naye mpaka harisi ikaganda. Nilikuwa nimeapa kutoivaa jalabia ile tena, nami sikuivaa. Lakini mzee yule alikuwa mifupa na ngozi, na binti yake alikuwa ukumbini akilia kwa kujizuia. Nikaenda, nikaileta ile ya kijivu nimeishika kwa ncha za vidole, nikaitandaza juu ya kiti nilichokuwa nikikalia, mgongo kwenye mgongo, mikono kwenye mikono ya kiti. Mimi nikasimama upande wa pili wa kitanda.

Hapakuwa na kilichotikisika. Pazia lilikuwa limetulia, mlango umefungwa.

Mzee akainua kichwa. "Umechelewa," alisema, wala hakuwa akinielekea mimi. Kisha akafungua kinywa, nami nikamlisha.

Tulifanya hivyo kila alasiri iliyobaki. Niliingia na mavazi yangu ya kubana, nikaitandaza jalabia, nikasimama, akala. Hakuzungumza sana tena, kama watu waliokwisha kuafikiana. Siku moja, joto la nje likiwa limeanza kupungua, aliuliza tena, "Lini?" Safari hii alinyamaza na kusikiliza, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaniomba maji. Niliporudi kesho yake na bakuli hakulihitaji. Alikuwa amelala chali, uso ukielekea kiti, ametulia kama mtu aliyefika.

Yako mambo mawili ambayo sikumwambia binti wa nyumba wala yule msichana, nami nayasema sasa kwa sababu ya jalabia ya kijani.

Kila mzee alipomaliza kula, mimi ndiye niliyeiondoa ile nguo na kuikunja. Chumba kilikuwa baridi. Bakuli lilikuwa baridi, mbao za kiti zilikuwa baridi, vidole vyangu vilikufa ganzi. Nguo ilikuwa na joto. Haikuwa na joto la moto wala la jua. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Jambo la pili lilikuwa siku ya kuzifunga nguo zote kwa ajili ya sadaka. Niliichukua ile ya kijivu kwa mara ya mwisho, nikaishikiza mabegani mwangu. Upindo uliburura sakafuni shibiri nzima, na mikono ikanifunika vidole. Ilikuwa nguo ya mwanamke mrefu, kama ilivyokuwa siku zote alipokuwa hai. Msichana wa bara aliniona nikiitazama, akasema, "Mathe, umepungua kimo." Nilifunga mfuko.

Nilirudi Mombasa na sanduku nililokuja nalo. Tangu hapo sivai nguo ila niliyoinunua ikiwa kitambaa, fundi akaikata mbele ya macho yangu. Ninazo chache. Moja hunibana hapa, nyingine hupanda huku, nami najua kila mahali inaponisumbua. Nguo isiyokusumbua popote, uliza kwanza.

Mjukuu wangu ameacha kuandika, anatazama kile kiti cha dirishani. Nimemwambia aendelee. Akasema, "Bibi, yule mgonjwa wangu alikuwa mfupi. Hata begani kwangu hakufika."

Nimemwambia aandike na hilo, kisha aende akaiguse nguo kabla hatujaitia mfukoni.

Ameandika. Hajainuka.