Leo nimeingia ofisini na mshindani wangu

Leo nimefanya biashara na mama ninayemkwepa sokoni.

Mimi nakaanga na kusaga kahawa Muleba. Asubuhi nimeipeleka Bukoba, kwenye kampuni kubwa yenye maduka mikoa mingi.

Ofisa manunuzi ameonja, akaipenda.

"Ila mama, mzigo wako mdogo. Hautatutosha."

Nimetoka nimechoka kabisa. (Safari ya ngapi hii, jamani?)

Kwenye benchi nje nikamkuta Mama Koku wa Kemondo, msaga kahawa mwenzangu. Hatusalimiani tangu anichukulie wateja.

"Na wewe wamekukataa?" akaniuliza.

"Wamesema mzigo mdogo."

Sikuwa na nguvu hata ya kununa. Nikamwambia, "Twende tuingie wote."

Ofisa akacheka. "Mkiunganisha, tunaanza na oda ya majaribio. Lakini pakiti moja, jina moja."

Jina la nani sasa?

Tumebishana kutoka pale hadi stendi. Watu wanatutazama.

Mwisho Mama Koku akakaa chini.

"Weka lako. Mimi nimechoka kuhangaika peke yangu."

Nikakaa kando yake.

Niko njiani narudi, sijafurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Ninyi mngeweka jina la nani?