Koki ya Bibi Kule Oldeani

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Karatu kutafuta koki ya jikoni. Muuzaji akaniwekea mezani moja mpya, ya mpini mwekundu. "Hii robo mzunguko tu, mama, maji yamekatika," akasema, akaigeuza kwa kidole kimoja, ta! Nilishtuka hadi akaniuliza kama ninaumwa. Nilishawahi kuona maji yakikatwa namna hiyo, ndugu yangu, na sijasahau kilichofuata.

Nilikulia Oldeani, chini kidogo ya mashamba ya kahawa, kwa bibi mzaa mama. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Kijiji kizima kilitegemea bomba moja la chuma lililoachwa na walowezi, likishuka kutoka chemchemi ya msituni. Mahali bomba lilipogawanyika palikuwa na shimo la zege lililofunikwa kwa bati, na ndani yake koki mbili za shaba. Moja ililisha mabomba ya nyumba zetu, ya pili birika la mifugo bondeni. Hazikuwa na mpini. Zilifunguliwa kwa spana ndefu, na spana hiyo ililala nyuma ya mlango wa bibi.

Bibi alipewa kazi ya kufungua na kufunga maji kwa sababu ya baba yake, aliyekuwa mgawa maji enzi za mifereji ya udongo. Mzee yule alifunga mfereji kwa jiwe bapa, majani na tope, na kufungua kwa kuchota tope lilelile kwa mkono. Bibi alirithi mkono wake. Asubuhi ukungu ukiwa bado mzito nilimfuata nikiwa nimebeba ndoo, miguu imelowa umande, tumbo limeshiba makande yaliyolala jikoni. Aliinama, akaigeuza koki kidogo, akangoja. Bomba likakohoa. Akaigeuza tena kidogo. Maji yalitoka mekundu kama chai, kisha yakatakata, na harufu ya kutu na ukoka ikajaa shimoni. Kufunga ndiko kulikochukua muda zaidi. Alifunga kama mtu anayerudishia mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.

"Maji yanakuja mbio," alizoea kusema. "Mtu anayekuja mbio humfungii mlango usoni."

Shuleni mwalimu wetu wa sayansi alituletea moyo wa ng'ombe kutoka buchani, akaupasua, akatuonyesha vijilango ndani yake. Alimimina maji upande mmoja yakapita. Alipoyamimina upande wa pili vijilango vikajifunga. Hizo ni vali, alisema. Akaeleza kwamba binadamu amehangaika na jambo hilo tangu kale: Wamisri walizuia maji ya mto kwa mbao, na Warumi wakatengeneza koki za shaba zisizotofautiana sana na zile za shimoni kwetu. Jioni nilimsimulia bibi yote hayo akiwa anasonga ugali. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe na wao walikuwa na majirani wagomvi." Ule moyo, nasikia, mwalimu aliuchoma akaula.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha. Kule Olbalbal nyasi ziliisha, na wafugaji wakapandisha ng'ombe wao kwa siku kadhaa hadi bondeni kwetu. Ng'ombe walikuwa mbavu tupu. Pamoja nao alikuja mama mmoja wa Kimaasai, mrefu, mwenye punda wawili na mtoto mgongoni. Tulimwita Yeyo, yaani mama. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache, na bibi hakujua Kimaasai, lakini kila mchana walikaa pamoja kando ya birika wakiangalia maji yanavyopanda.

Watu wa kijiji walianza kunung'unika. Jirani yetu, mwenye shamba la maharage lililokuwa linakauka, alikuja kusimama mlangoni.

"Mama, funga kule bondeni. Wakikosa maji wataondoka wenyewe."

"Wataondoka waende wapi, baba?" bibi akamuuliza.

"Hilo si letu. Sisi tuna watoto."

"Na yule ana nini mgongoni?"

Jirani akageuka akaenda zake. Lakini siku ya pili, bibi akiwa kanisani, aliingia akachukua spana. Mimi nilikuwa nachambua maharage uani. Nilimwona, nikaogopa kusema. Nilimfuata kwa mbali. Alishuka shimoni, akaishika koki ya birika kwa spana na kuigeuza kwa nguvu zake zote, mara moja.

Bomba lilipiga mshindo ambao niliusikia kwenye nyayo. Nikadhani ni bunduki. Kumbe hatua ishirini juu ya shimo kiungo kilikuwa kimepasuka, na maji yakaruka juu kupita miti ya kahawa. Dakika chache baadaye mabomba yote ya kijiji yalikuwa makavu. Jirani alisimama kwenye tope, spana mkononi, analia kama mtoto.

Bibi alikuja na gauni lake la kanisani. Hakumgombeza. Alimtuma akafunge maji kule chemchemi. "Polepole," akamwambia, hilo tu. Fundi wa bomba alikuwa mbali, gari hakuna. Yeyo ndiye aliyepanda kutoka bondeni akiwa na ngozi mbichi ya ndama aliyekufa jana yake. Aliikata vipande virefu kwa kisu. Tulifunga kiungo kwa mpira wa tairi la baiskeli, na juu yake ngozi, jirani akivuta upande mmoja na Yeyo upande wa pili, bibi akikaza mafundo. Ngozi iliachwa juani siku nzima ikauke na kubana. Kesho yake bibi alifungua, kidogo kidogo. Ilivuja machozi, lakini ilishika. Jirani akabeba ndoo ya kwanza mwenyewe hadi kwa punda wa Yeyo.

Masika yaliponyesha wafugaji waliteremka. Sikumwona tena Yeyo, wala sikuwahi kujua jina lake. Kuhusu mimi kuona na kunyamaza, nilikuja kumwambia bibi nikiwa mtu mzima. Alisema alijua.

Siku hizi Oldeani kuna mabomba ya plastiki, kila nyumba na koki yake na mita yake. Shimo limejaa udongo, na juu yake mtu amepanda maboga. Ni vizuri, mgongo wa mtoto haubebi ndoo tena. Juzijuzi nilikwenda kule, nikamuuliza binti wa kaka yangu maji yao yanatoka wapi. Alinitazama kwa mshangao.

"Ukutani, shangazi."

Nilicheka. Kisha nikamwambia avae viatu, tupande wote msituni akaione chemchemi.