Antena ya Fundi wa Migori

Mimi na fundi tulipata leseni za redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza hewani kwa kupenda tu, mwaka uleule: mimi mwalimu wa fizikia Rangwe, yeye fundi wa simu mwenye kibanda chake mjini Migori. Nilijiona namzidi. Vitabu vya antena nilikuwa navyo rafu nzima.

Kikundi chetu kilipopata ripita, kile chombo cha kukaa kilimani kinachopokea sauti ya redio ndogo na kuirusha mbali, sote wawili tuliombwa tupendekeze antena. Nilichora yangu kwa wiki mbili, vitanzi vinne vya alumini kwenye mlingoti. Yeye alikuja na picha kwenye simu: antena moja ndefu, nyembamba kama ufito, imefunikwa kwa fiberi.

"Yako ni nzuri, mwalimu," aliniambia mbele ya watu. "Lakini ina viungo vingi. Upepo na mvua ya kule juu vitaisumbua. Hii ina kimoja tu."

Watu wakapiga kura. Antena yangu ilipata mkono mmoja, nao ulikuwa wangu.

Siku ya kuipandisha nilipewa kazi ya kuunganisha kebo na antena na kuziba kiungo kwa mkanda, maji yasiingie. Niliifanya nimebana midomo. Jioni watu wa Awendo na Oyugis wakawa wanazungumza kama waliokaa sebule moja, na kila mmoja alimshukuru yeye. "Ero kamano, fundi!" Nilizima redio yangu. Mke wangu akauliza kama imeharibika. Nikasema ndiyo.

Masika yalipoanza, sauti zikaanza kukwaruza, halafu Awendo ikapotea kabisa. Nitasema ukweli: nilifurahi. Tulipopanda kilima kukagua, mita ilionyesha nguvu nyingi inarudi chini badala ya kwenda hewani.

"Si nilisema?" nikamwambia. "Antena yako imekufa."

Alizima ripita, akajifunga mshipi wa usalama, akapanda mnara huku akiifuata kebo kwa mkono hadi pale inapoungana na antena. Alipofungua kiungo, maji yalimtiririkia kiganjani. Akakikata, akashuka nacho. Shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani.

Niliutambua mkanda wangu. Tabaka moja la plastiki, bila ule wa mpira unaozuia maji. Ule wa mpira nilikuwa nao mfukoni siku ile. Sikutaka tu kuhangaika kwa ajili ya antena yake.

"Nani aliziba hapa?" aliuliza, ingawa siku ile alikuwepo.

"Mimi."

"Haya. Nipe konekta mpya."

Alasiri ripita ilikuwa safi. Akashika redio akawaambia wote kwamba maji yaliingia kwenye kiungo, na kwamba "tumetengeneza, mimi na mwalimu." Hakutaja aliyeziba. Pongezi zikamiminika, nyingine zangu, na hapo ndipo wivu uliponiuma kuliko siku zote. Hata kwa uungwana alikuwa amenizidi.

Nikabonyeza kitufe. Nikasema ni mimi niliyeziba vibaya, na antena haikuwa na kosa lolote. Kisha mzee mmoja wa Oyugis akajibu, "Tumekusikia, mwalimu. Sauti yako inafika vizuri sana."

Fundi alikuwa anakunja kebo, amenipa mgongo. Niliitazama mikono yake ilivyofanya kazi upesi bila kubahatisha, nikatamani ingekuwa yangu.