Fundi Mvivu Hukimbilia Mota

Baba yangu walimwita Chanzo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha unga, kiwanda cha zamani chenye mota moja tu. Mota ilikaa peke yake chumba cha nyuma, ikazungusha shafti ndefu ya chuma iliyopita chini ya dari, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ikateremka hadi kwenye kila mashine. Mota ikizima, jengo zima lilinyamaza.

Kwa mota hiyo baba alithibitisha kuwa Mungu yupo. Saa ya chakula alimweka kati mlinzi wa getini, mtu wa ubishi asiyeamini kitu asichokishika.

"Kinu kinazungushwa na nini?"

"Mkanda."

"Na mkanda?"

"Shafti, Chanzo. Tushaambiwa."

"Haya. Panga mikanda elfu, panga milioni, ifike hadi mbinguni. Bila mota itazunguka?" Kabla mlinzi hajajibu, baba alimalizia: "Basi na dunia ndivyo ilivyo. Mwendo wetu wote ni wa kuazima. Haiwezekani wote tuwe tumeazima, asiwepo hata mmoja mwenye mali yake."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," mlinzi alimjibu siku moja. "Na huyo Mungu wako anazungushwa na nani?"

"Akizungushwa atakuwa mkanda, si mota."

"Mbona mota yenyewe inakula umeme?"

Watu waliangua kicheko, na baba akacheka nao. Alisema mfano ni mfano tu, kila mfano una mahali unapochechemea. Nilimpenda sana alipokuwa akibishana hivyo, uso wote umejaa unga.

Lakini kazini alikuwa na sheria yake. Mashine ikisimama, hakwenda chumba cha nyuma. Alianzia pale pale kwenye mashine iliyokufa, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akigusa kila mkanda na kila puli, gurudumu la mkanda, kwa mkono wake. Alipomwingiza kaka yangu kazini, hilo ndilo somo la kwanza alilompa: "Fundi mvivu hukimbilia mota." Hata nyumbani, redio ikikatika mama akasema Mungu ndiye ajuaye, baba alimjibu, "Anajua, ndiyo. Wewe anza na betri."

Kaka alipewa mashine ya kuchekecha. Mkanda wake ulikuwa na wavu wa chuma wa kukinga mikono, na unga ulipoziba, ilibidi wavu ufunguliwe kwanza ndipo usafishe. Meneja akaona kazi inachelewa, akaamuru wavu utolewe moja kwa moja. Baba alikataa. Akaambiwa kama hataki, mafundi wenye njaa wamejaa getini. Akachukua spana, akaufungua mwenyewe, akauegemeza ukutani. Wiki haikuisha mkanda ukanasa mkono wa kaka, na hospitali wakaukata juu ya kiwiko.

Kiwanda kikaitisha kikao cha wafanyakazi wote kuhusu ajali hiyo. Habari zilikuwa zimeshaenea kuwa kaka alikuwa anasinzia. Mtu aliyeweza kumsafisha ni mmoja tu, na asubuhi ile kaka alimuuliza tukiwa tunatoka nyumbani, "Baba, utasema?"

"Nitasema, mwanangu."

Meneja, ambaye hakuwahi hata kumwamkia, siku hiyo alimvika kilemba cha ukoka. "Mzee wetu Chanzo, nani hapa asiyejua hekima yako? Wewe ndiye unayetufundisha kuwa kila jambo lina chanzo, na chanzo cha yote ni mmoja. Hili nalo tuseme nini?"

Baba alisimama, akavua kofia. Nilikuwa nimemsindikiza kaka, nimekaa naye, nimemshikia bandeji isilegee, na nilimwona baba akiutazama wavu. Ulikuwa bado ukutani, pale pale alipouegemeza.

"Kila jambo lina chanzo," alisema polepole, "na mwisho wa yote ni Mungu. Alipanga iwe hivi."

Akaketi. Meneja alikuwa wa kwanza kuitikia amina. Kaka akahesabiwa mzembe, akaachishwa kazi. Mlinzi, yule yule asiyeamini, aliinuka akatoka nje bila kuaga.

Nilimchukia baba siku ile, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Watu walidhani alimwogopa meneja. Mimi sidhani. Ukitoka kwenye mkanda kumtafuta meneja, njia inapita kwenye spana, na spana ilikuwa mkononi mwa baba. Akaruka yote hayo, akatua kwa Mungu, ambaye hafukuzwi kazi wala haji kikaoni kujitetea. Hoja yake ya mota naiamini mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa amestaafu. Kila asubuhi anapiga magoti mbele ya kaka na kumfunga kamba za viatu, kabla kaka hajatoka kwenda kutafuta kibarua ambacho hapati. Hakuna aliyemwomba. Juzi, akiwa ameinama hivyo hivyo, alianza, "Unajua, mwanangu, Mungu akipenda jambo..."

Kaka aliuvuta mguu.

"Usianzie huko, baba. Anza na mkanda."

Baba aliurudisha mguu ule, akaishika kamba.

"Mkanda ulikunasa," alisema.

"Kwa nini ulininasa?"

"Haukuwa na wavu."

"Wavu aliutoa nani?"

Baba aliifunga kamba ile, akaikaza, akaongeza fundo la pili. Kisha akashika kiti, akainuka, akatoka nje. Kiatu cha pili nilikifunga mimi.